Hesabu za haraka zimetufungulia anga, tusibaki mlangoni

Alhamisi ya Agosti 17, 2017, masikio ya Wakenya yalikuwa kwenye redio. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalikuwa yametangazwa Ijumaa iliyotangulia, na kutoka Litein hadi Sotik gumzo lilikuwa moja: kesi ambayo upinzani ulikuwa ukijiandaa kuipeleka katika Mahakama ya Juu. Saa tisa na dakika 41 alasiri, saa ambayo huku kwetu wachumaji wa chai hubeba majani ya siku kuelekea kituoni, vifaa vya LIGO vya kunasa mawimbi ya graviti, vilivyoko Marekani, vilinasa mtikisiko hafifu uliodumu takriban sekunde 100. Zilikuwa nyota mbili za nyutroni zilizozungukana hadi zikagongana, mbali kiasi kwamba habari zake zilisafiri miaka milioni 130 kabla ya kutufikia. Sekunde 1.7 baadaye, setilaiti ya Fermi iliona mmweko wa miale ya gama.

Wanaastronomia wa dunia nzima walitaka kujua jambo moja: darubini zielekezwe wapi? Ramani nzuri ya kwanza, iliyounganisha data za LIGO na za Virgo ya Italia, ilitolewa saa mbili na dakika 54 usiku kwa saa zetu, zaidi ya saa tano baada ya tukio. Kelele ya ghafla ilikuwa imeingia katika kifaa cha Livingston, Louisiana, muda mfupi tu kabla ya mgongano, ikabidi iondolewe na hesabu zirudiwe. Darubini za H.E.S.S. huko Namibia zilianza kutazama dakika tano tu baada ya ramani hiyo kutoka. Lakini huku Kericho na Bomet, galaksi ya mgongano huo, NGC 4993, ambayo ilikuwa bado juu upande wa magharibi giza lilipoingia, ilikuwa imebakiza kama saa moja itue. Mwanga wa mlipuko ulikuja kuonekana mara ya kwanza kwa darubini ya Swope nchini Chile, mwendo wa saa nane unusu usiku kwetu, karibu saa 11 baada ya mgongano. Bara la Afrika liliingia gizani mapema kuliko Chile, na galaksi hiyo ilikuwa juu ya upeo wake. Halikuambiwa pa kutazama hadi jioni ilipokuwa imeyoyoma.

Ninafundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa huku Konoin, Kaunti ya Bomet. Wazazi wa wanafunzi wangu ni wakulima wadogo wa chai na wachumaji wa mashamba makubwa; mama yangu mwenyewe bado anauza majani mabichi katika kituo kilicho ng'ambo ya barabara ya shule. Ninapowasimulia watu habari za jioni ile ya 2017, huniuliza: sasa sisi hayo yanatuhusu nini? Jibu langu ni kwamba yanatuhusu sana, na leo yanatuhusu kuliko miaka kumi iliyopita. Kizuizi kikubwa cha sayansi hii kilikuwa muda wa mashine. Njia mpya za kukokotoa zimeupunguza muda huo mno, na shule, chuo au kaunti isiyo na kompyuta za mabilioni sasa inaweza kufanya kazi ya kweli. Tukiendelea kukaa nje, tutakuwa tumejiamulia wenyewe, na utakuwa uamuzi mbaya.

Tuelewane kwanza kazi yenyewe ni ipi. Mashimo meusi mawili yanapozungukana na kuungana, umbo la wimbi la graviti linalotufikia huamuliwa na namba 15. Mbili ni masi zao. Sita zinaeleza jinsi kila shimo linavyojizungusha na kwa mwelekeo gani. Zilizobaki zinahusu umbali, mahali pake angani, mwinamo wa njia yao, wakati wa kuungana na mambo mengine ya jinsi wimbi lilivyokaa lilipotufikia. Zikiwa ni nyota za nyutroni, mbili zaidi huongezeka, za kupima jinsi kila nyota inavyobonyezwa na mwenzake. Kifaa hakituambii hata namba moja kati ya hizo. Kinatupa mstari unaotetemeka, na sehemu kubwa ya mtetemo huo ni kelele: mitikisiko ya ardhi, joto la vioo, hata mwanga wa leza yenyewe. Kazi ya mtafiti ni kurudi nyuma, kutoka kwenye mtetemo hadi kwenye namba zilizouzaa.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Thomas Bayes, kasisi Mwingereza aliyefariki mwaka 1761, ambaye insha yake ilichapishwa mwaka 1763 kwa juhudi za rafiki yake Richard Price. Unaanza na unachokijua kabla ya ushahidi. Unaupima ushahidi. Unatoka na imani iliyorekebishwa, pamoja na kiasi cha shaka kilichobaki. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu jibu halifichi udhaifu wake.

Ugumu unaanzia kwenye wingi. Ukitaka kujaribu thamani 10 tu kwa kila moja ya namba 15, utahitaji majaribio bilioni milioni moja, na kila jaribio ni wimbi zima la kutengeneza na kulilinganisha na data. Hakuna mtu wa kungoja hayo. Ndipo watafiti wanapochukua sampuli. Mkaguzi wa majani kituoni hahesabu kila jani lililomo katika mzigo. Anachota viganja kutoka juu, katikati na chini, anaangalia kama ni majani mawili na kichipukizi, na kutoka kwenye viganja hivyo anaijua hali ya mzigo mzima. Programu ya kuchota sampuli hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe hujifunza inapoendelea: inachota mchanganyiko wa namba 15, inatengeneza wimbi ambalo namba hizo zingetoa, inalipima dhidi ya data, kisha inaamua ichote wapi tena. Panapolingana vizuri, inachota zaidi. Mwishowe sampuli zenyewe ndizo jibu. Ukizipanga unaona ni namba zipi zinawezekana sana, zipi kwa shida, na zipi haziwezekani kabisa.

Nicholas Metropolis na wenzake walichapisha njia ya aina hii mwaka 1953, walipokuwa Los Alamos. Mwaka 2004 John Skilling alileta nyingine, ambapo kundi la sampuli husafishwa hatua kwa hatua: ile inayolingana vibaya kuliko zote hutupwa, na nafasi yake huchukuliwa na iliyo bora. Njia za koo hizi mbili ndizo zilizopima GW150914, wimbi la kwanza kabisa kunaswa, Septemba 14, 2015. Ziliwaambia wanasayansi kwamba mashimo meusi mawili yenye masi ya takriban mara 36 na mara 29 ya Jua yalikuwa yameungana, umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka hapa.

Zilifanya kazi, ila zilikwenda polepole. Uchambuzi mmoja unadai mamilioni ya mawimbi. Kwa nyota za nyutroni, ambazo wimbi lake hudumu muda mrefu, uchambuzi kamili uliweza kuchukua siku kadhaa hata wiki, kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja. Mwenye kompyuta hizo aliingia. Asiyekuwa nazo alisoma habari magazetini. Wakati huohuo matukio yaliongezeka. Orodha iliyotolewa Novemba 2021 ilikuwa na matukio 90, na vifaa vinavyopangwa kwa miaka ijayo, kama Einstein Telescope ya Ulaya, vinatarajiwa kunasa makumi ya maelfu kila mwaka. Kwa mwendo wa zamani, hata mataifa tajiri yangezidiwa. Wao walitafuta kasi kwa sababu ya wingi wa kazi. Sisi tunaihitaji kwa sababu ya uchache wa mashine. Tumekutana njiani.

Kasi hiyo ilipatikana kwa njia tatu ambazo mwanafunzi yeyote wa hisabati anaweza kuzielewa.

Ya kwanza ni kupunguza gharama ya kila ulinganisho. Mwaka 2018 Barak Zackay, Liang Dai na Tejaswi Venumadhav walionyesha kwamba mawimbi mawili yanayokaribiana hutofautiana taratibu, bila kurukaruka, kwa hiyo hakuna haja ya kuyalinganisha katika kila frikwensi. Unachagua wimbi moja la kurejelea, ambalo tayari linalingana na data vizuri, kisha unapima jinsi mengine yanavyoachana nalo katika sehemu chache tu. Neil Cornish alikuwa amelitoa wazo la namna hiyo mwaka 2010. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa hapo. Mtu alikaa akafikiri, na kazi ikapungua maelfu ya mara.

Ya pili ni kujibu kwanza swali lenye haraka. Programu ya BAYESTAR, kazi ya Leo Singer na Larry Price, haihangaiki na namba zote mwanzoni. Inachukua makadirio ya masi yaliyokwisha kupatikana wakati wimbi linagunduliwa, inashughulikia mahali na umbali, na kutoa ramani ya anga kwa muda usiozidi dakika chache. Mengine hufuata.

Ya tatu ni kufanya kazi nzito kabla ya siku yake. Maximilian Dax, Stephen Green na wenzao, wengi wao wa taasisi za Max Planck nchini Ujerumani, waliunda mfumo wa akili unde uitwao DINGO. Mtandao huo hufundishwa mapema kwa mamilioni ya mawimbi ya kutengenezwa yaliyochanganywa na kelele, hadi ujue mtetemo wa aina fulani hutokana na namba za aina gani. Wimbi la kweli likifika, jibu huwa liko karibu kutoka. Machi 2025 kundi hilo lilichapisha katika jarida la Nature kwamba mfumo wao unaweza kuchambua mgongano wa nyota za nyutroni kwa sekunde moja. Hata kama mfumo huo ungekuwepo siku ile ya Agosti, kelele ya Livingston ingebaki, na data bado zingehitaji kusafishwa. Lakini sehemu ya hesabu isingekuwa ya kungojewa tena na mtu yeyote, wa Namibia, wa Chile wala wa Bomet.

Niwaonyeshe jinsi jambo hili linavyoonekana mezani. Data za LIGO na Virgo hufunguliwa kwa umma, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bila malipo. Programu ya kuzichambua iitwayo Bilby, ambayo watafiti wa LIGO wenyewe huitumia, pia ni ya bure. Jioni moja baada ya masomo nilikaa na mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu mbele ya kipakatalishi cha zamani, tukafungua data za GW150914. Tulifunga namba nyingi mahali zilipojulikana, tukaacha nne tu zitafutwe, kama mazoezi ya wanaoanza yanavyoelekeza. Skrini ikaanza kutiririsha mistari, na katika kila mstari mna kiasi kinachoonyesha ni ushahidi kiasi gani bado haujachotwa. Kinaanza juu, kinashuka, na kikishuka chini ya 0.1 programu husimama. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati, kama kawaida ya mchana na jioni huku. Stima ikapotea, na betri ya mashine ile haikuwa ya kutegemea. Iliporudi, programu ilisoma faili iliyokuwa ikijiwekea na kuendelea pale ilipokuwa imefika.

Mchoro ulipotokea, binti yule aliukodolea macho. Palikuwa na mlima mwembamba wa sampuli karibu na 31, kwa kipimo cha masi ya Jua. Hiyo si masi ya shimo moja, ni mchanganyiko maalumu wa masi zote mbili unaoamua jinsi mtetemo wa wimbi unavyopanda kasi.

"Mwalimu, mbona haitoi namba moja?"

"Kwa sababu data hazitoshi kuthibitisha namba moja. Inakuonyesha zote zinazowezekana, na kila moja kwa kiasi gani."

"Kwa hivyo inatuambia hata isichokijua?"

Nilimwambia ndiyo, na kwamba hilo ndilo somo la siku. Nimefundisha uwezekano kwa sarafu na kete tangu nianze kazi, na sijaona mwanafunzi akiushika vile. Mtoto wa mchumaji wa chai alikuwa amepima kitu kilichotokea zaidi ya miaka bilioni iliyopita, kwa mashine ambayo ofisi nyingi zingeitupa.

Wapo wanaosema anga si mambo yetu. Historia yetu inawakanusha. Desemba 12, 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wetu, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei, na vipimo vyake vya chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kuwaaminisha wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Kwa miaka mingi kituo cha Malindi kimepokea data za setilaiti ya Swift. Katika siku zile za Agosti 2017 Swift iliuona mlipuko wa NGC 4993 ukiwaka kwa mwanga wa urujuanimno na kufifia upesi mno. Setilaiti nyingine, NuSTAR, ambayo pia hushusha data zake Malindi, ilitazama mahali hapohapo. Sehemu ya data za tukio kubwa kuliko yote ya astronomia ya kizazi hiki ilitua kwenye udongo wa Kenya, kisha ikaenda kukokotolewa kwingine. Antena tunayo. Tunachokosa ni watu wengi wa kutosha wenye ujuzi wa kuzisoma.

Mkulima anayesubiri bonasi ana haki ya kuuliza faida yake iko wapi. Nami namjibu kwa mambo yaliyotokea Kericho hapahapa. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Simon Hay na wenzake uliosema kwamba hali ya hewa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwemo, haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza kurudi kwa malaria, ugonjwa ambao hospitali ya mashamba yetu ya chai ilikuwa imeurekodi mwaka baada ya mwaka. Wengine wakapinga vikali. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walirudi kwenye vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho vya miongo mitatu, wakaonyesha kwamba joto lilikuwa limepanda, takriban nyuzi 0.2 kwa kila mwongo. Utafiti wa kwanza ulikuwa umetumia joto lililokadiriwa kutoka vituo vya mbali na kutandazwa juu ya ramani. Wa pili ulitumia vipimo vya mahali penyewe. Wagonjwa walikuwa watu wetu, joto lilikuwa letu, na ubishi ukaendelea karibu mwongo mzima.

Ninaona mafunzo mawili hapo. Namba isiyobeba shaka yake waziwazi huleta mabishano marefu. Na anayekaa karibu na data, akiwa na ujuzi wa kuzichambua, husogeza ukweli mbele. Mwaka 2009 Abdisalan Noor na wenzake jijini Nairobi walichapisha ramani ya hatari ya malaria nchini Kenya iliyojengwa kwa hesabu za Bayes, na mwaka huohuo Håvard Rue na wenzake wakatoa njia iitwayo INLA, ambayo hufupisha hesabu za ramani za namna hiyo kutoka saa nyingi hadi dakika. Wimbi la graviti na ramani ya malaria ni kazi zinazotumia akili moja. Kijana atakayejifunza kupima masi za mashimo meusi kwa kipakatalishi atakuwa amejifunza pia kukadiria mavuno ya shamba, uwezekano wa mvua ya mawe inayotuharibia chai, na kuenea kwa ugonjwa. Taasisi ya Utafiti wa Chai iliyoko Timbilil, Kericho, iliyotuletea chai ya zambarau, inahitaji vijana wa aina hiyo. Hospitali zetu za kaunti zinawahitaji pia.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu. Wapo wanaohofia kwamba jibu la sekunde moja kutoka kwa akili unde haliwezi kuaminika. Hofu hiyo ina msingi. Mtandao uliofundishwa kwa kelele za aina moja unaweza kupotoka ukikutana na kelele ya aina nyingine, na Livingston ilitufundisha kwamba kelele haina adabu. Ndiyo maana watengenezaji wa DINGO waliongeza hatua ya ukaguzi: kila sampuli iliyotolewa na mtandao hupimwa tena dhidi ya hesabu kamili na kupewa uzito wake. Uzito ukisambaa vizuri, jibu limekubalika. Uzito wote ukikusanyika kwenye sampuli chache, mtafiti anajua mtandao umeshindwa na hawezi kuutegemea. Kasi iliyokaguliwa namna hiyo ninaiamini. Kasi isiyo na ukaguzi siitaki, angani wala hospitalini.

Hiyo ndiyo sababu sitaki vijana wetu wafundishwe kubonyeza vitufe tu. Mitandao hii hufundishwa na wachache wenye mashine za nguvu, kisha wengine tunapewa. Tukiipokea bila kujua imefundishwa kwa kelele gani na kwa dhana gani za mwanzo, tutakuwa tumepokea majibu ya watu wengine pamoja na makosa yao. Mtu anayeielewa kanuni ya Bayes anaweza kuuliza: umeanza na imani gani kabla ya ushahidi? Raia anayeuliza swali hilo ni wa thamani hata kama hatawahi kuliona shimo jeusi. Ataliuliza kwa mtafiti, kwa daktari, na kwa mwanasiasa anayemletea takwimu.

Nini kifanyike? Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na wengi wamechagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Somo la uwezekano lisiishie kwenye sarafu na kete. Wizara ya Elimu iwaingize wanafunzi hao katika kurekebisha makadirio kwa ushahidi, kwa data za kweli: mvua ya Kericho, mauzo ya majani, hata mawimbi ya graviti. Walimu wapewe mafunzo wakati wa likizo, kwa sababu wengi wetu tulipita vyuoni bila kuligusa somo hili kwa vitendo.

Chuo Kikuu cha Kabianga na Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet vianzishe kozi fupi ya pamoja ya hesabu za Bayes, iwe wazi kwa wanafunzi wa fizikia, kilimo, afya na kompyuta. Wasingoje darubini wala jengo jipya. Chumba kimoja chenye kompyuta za kawaida, moja yenye kadi nzuri ya michoro, intaneti ya uhakika na betri ya kustahimili stima ikipotea, kinatosha kuanzia. Wakala wa Anga za Juu wa Kenya uvitembelee vyuo hivi, na ushirikiano na Malindi uzalishe nafasi za mafunzo kwa vijana wa bara kama unavyopaswa kwa wa Pwani.

Serikali za kaunti, nazo, hutenga pesa za basari kila mwaka. Sehemu ndogo ya pesa hizo ielekezwe kwa wanafunzi wanaotaka kusomea takwimu na ukokotoaji, wenye ari lakini wasio na mashine. Wawakilishi wadi wanaopitisha bajeti wajue kwamba kipakatalishi kimoja kinachozunguka kati ya shule tatu kinaweza kuzaa mtafiti.

Wazazi wenzangu wa nchi ya chai, msimwambie mtoto kwamba anga ni la Wazungu na wenye pesa. Hesabu iliyokuwa ikidai jumba la kompyuta sasa inafanyika juu ya meza ya jikoni. Data ni bure, programu ni bure, na makala za watafiti zinasomeka na yeyote atakayejibidiisha. Wimbi lijalo la nyota za nyutroni litafika bila kupiga hodi, pengine jioni yenye giza na anga safi juu ya Afrika Mashariki, na ramani yake huenda ikatoka ndani ya sekunde chache. Siku hiyo nataka awepo mtu wa Kericho au Bomet anayeisoma ramani hiyo, anayeikagua na kuwaambia wengine kama ni ya kuaminika. Kabianga na Bomet, anzeni mwaka huu.